Nadhiri ya Mama na Bangili ya Fedha kwenye Kaburi la Kale

SWALI

Assalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Malindi na ni mtoto wa pekee. Mama alikaa miaka kumi na moja katika ndoa bila kupata mtoto, ndipo shangazi zake wakampeleka kwenye kaburi la kale lililomo katika mahame yasiyo mbali na kwetu, kaburi ambalo wanawake wa mtaani hulijua kwa jina la Bibi tu. Akaweka nadhiri, na mwaka uliofuata nikazaliwa mimi. Tangu hapo kila mwaka alikwenda na marashi, ubani, halua na kitambaa chekundu. Mwaka jana alifariki. Siku chache kabla ya kufa alivua bangili yake ya fedha, akanitia mkononi, akasema, "Hii uipeleke kwa Bibi." Nilikwenda mwezi uliopita nikakuta pamefagiliwa, hapana hata uzi mmoja wa vitambaa vya miaka yote ile, na pembeni pana kibao kinachotutaka tusiguse ukuta. Nimefikiri niifukie bangili chini ya kaburi ili isiondolewe. Je, nitakuwa nimekosea? Na ikiwa ni kosa, nadhiri ya mama niiondoe vipi?

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu. Kwanza nakupa pole ya msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yako na alitie kaburi lake nuru. Barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kuanza kuijibu, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili ambayo hayafai kuchanganywa: lipo deni la mama yako, na lipo jiwe la kaburi. Nitakujibu kwa uwazi tangu mwanzo. Bangili usiifukie, wala usiiache juu ya kaburi. Nadhiri, hata hivyo, inaweza kuondolewa, tena kwa njia iliyo karibu zaidi na desturi ya bibi zetu kuliko hiyo uliyoifikiria.

Mimi si shekhe, na suala la kuwataka haja waliokufa lina wenyewe. Unajua kama ninavyojua kwamba katika miji yetu wako maulamaa wanaoona kuzuru makaburi ni sunna na kumwomba Mungu mahali pale hakuna ubaya, na wako wanaoona kwamba ukishafika na ubani na kitambaa umekwisha kuvuka mpaka. Hilo lipeleke kwa mwanachuoni unayemwamini. Kazi yangu kwa zaidi ya miaka ishirini imekuwa kuta za kale: kuzisafisha, kuziziba nyufa, na kutafuta sababu ya ukuta uliosimama miaka mia tano kuanza kubomoka ndani ya miaka kumi. Nitasema ninachokijua kwa mikono yangu.

Nianze na lililokuumiza, yaani vile vitambaa vilivyoondolewa. Nimewahi kuviondoa mimi mwenyewe katika mahame mengine, na nataka ujue ni kwa nini, maana naamini hukuelezwa. Makaburi na misikiti ya kale ya pwani yetu, kuanzia visiwa vya Lamu mpaka kusini kule Kilwa, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, yakazimwa kwa maji na kuachwa yaive. Jiwe la namna hii lina vitundu vingi vidogo na hunywa kila kinachomwagwa juu yake. Maji ya mvua huingia na kutoka, kwa sababu chokaa inapitisha unyevu, na ukuta hukauka jua linapowaka. Mafuta yakiingia hayatoki. Marashi mengi yanayouzwa madukani siku hizi si maji ya mawaridi matupu kama yale yaliyokuwa yakitiwa katika mirashi ya shaba. Yamechanganywa na mafuta na rangi. Halua ina samli na sukari. Ubani unaochomwa kwa kaa lililowekwa moja kwa moja juu ya kingo ya kaburi huipasua lipu kwa joto na kuacha ulimi wa masizi ambao brashi haiwezi kuufuta bila ya kuondoka na chokaa. Wako pia wanaokamua ndimu, na ndimu hula chokaa kabisa. Tone moja likiangukia lipu ya zamani utaona povu dogo likichemka, na povu hilo ni ukuta unaoyeyuka.

Nakumbuka doa moja. Lilikuwa upande wa kaskazini wa kaburi lenye nguzo, kimo cha kiuno, mahali ambapo mtu aliyepiga magoti huweza kufikisha mkono, na ukubwa wake haukuzidi kisahani cha kikombe cha kahawa. Katikati lilikuwa jeusi, pembezoni lilikuwa na rangi ya asali, na sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka ufa wa chini mpaka pale. Nilipoligusa kwa ncha ya kidole, lipu ilidondoka kama biskuti iliyochovywa katika chai. Tulipaka ujiuji wa udongo mweupe, tukaufunika kwa kitambaa cha pamba, tukauacha ukauke polepole ili unyonye mafuta, tukaubandua, tukarudia. Tulifanya hivyo mara saba, na doa bado lipo mpaka leo. Lipu ile ilipakwa na fundi aliyekufa kabla ya Wareno kufika Malindi mwaka 1498, na nyuma yake hakuna lipu nyingine ya akiba. Aliyemwaga marashi pale hakuwa na nia mbaya hata chembe. Naamini alikuwa mtu kama mama yako, mwenye shida na mwenye mapenzi, na kwa sababu hiyo sikupata kumkasirikia, ingawa kazi ile ilinichosha.

Kitambaa nacho kina ubaya wake. Kikifungwa kwenye nguzo hushika umande wa usiku na kuulaza pale pale, chini yake hukua kuvu, na rangi nyekundu hutiririka na mvua ikachora mistari ukutani. Zamani kitambaa kilikuwa cha pamba, kikaliwa na jua na masika mawili matatu, kikaisha. Kitambaa cha leo kina nailoni ndani yake na hakiozi. Haya hayapo kwetu peke yetu. Karibu na kijiji cha Munlochy, kaskazini mwa Uskoti, iko chemchemi ya kale ambako watu hufunga matambara juu ya miti inayoizunguka, kwa itikadi kwamba tambara lililomgusa mgonjwa likioza, ugonjwa nao huondoka. Sasa miti ile imelemewa na nguo za nyuzi za kiwandani zisizooza, hata nguo nzima nzima, na ukifuata itikadi yao wenyewe basi ugonjwa umefungwa pale pale pamoja na tambara. Nikitazama kitambaa cha nailoni kilichofungwa kwenye mbuyu wa mahame yetu huwa nawakumbuka watu hao.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, maana Kiswahili chetu kimekwisha kulipima jambo hili kabla yetu. Sadaka hatuiachi, tunaitoa, na kinachotolewa lazima kiwe na mkono wa kukipokea: maskini, yatima, watoto wa chuo cha Kurani, jirani, mgeni. Nadhiri huwekwa, halafu huondolewa. Angalia hapo, dada yangu. Mama yako aliiweka nadhiri yake pale kaburini, na ndimi zetu zinasema kwamba anayeitimiza anaiondoa. Mwenye kuondoa haongezi kitu mahali. Hulitua deni akaondoka na moyo mweupe. Kitu kilichoachwa peke yake juu ya jiwe, kisicho na mpokeaji, wazee wetu wangekiita kwa jina jingine. Kinaweza kuitwa kafara, na kafara ina masharti yake, au kinaweza kuitwa kitu kilichosahauliwa.

Hayo siyasemi kwa kuchezea maneno. Tazama desturi iliyo hai bado. Kule kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu, upo mji wa Takwa uliohamwa katika karne ya 17, ambao hufikiwa kwa mashua kupitia mkondo wa mikoko, na maji yakitoka hupiti. Kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, sawa na 1683. Watu wa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, ambao wanahesabu asili yao Takwa, huvuka mara mbili kwa mwaka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi lile. Huo ni uhusiano wa zaidi ya miaka mia tatu kati ya watu na kaburi moja, nao umeshikiliwa na nini? Umeshikiliwa na safari, na dua, na kujua kwamba mwaka huu twende kama tulivyokwenda mwaka jana. Nguvu ya ziara ile iko kwa watu wanaovuka pamoja.

Katika kaya za Wamijikenda jambo hili liko wazi zaidi. Kaya hizo, ambazo kadhaa kati yake ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, ni misitu mitakatifu yenye wazee wake, na mtu hajiendei tu na kitu chake mkononi akakiweka chini ya mti. Anayetaka kuomba hupitia kwa wazee, na wao ndio wanaojua siku, mahali, nguo ya kuvaa na maneno ya kusema. Wala hatoki na kitu, hata ukuni. Nimekaa na wazee wa namna hiyo na nimeona wanavyoshtuka wanapoambiwa kwamba fulani aliingia peke yake akaacha chupa na sarafu. Kinachowashtua ni ule upweke wa jambo lenyewe: ibada isiyokuwa na shahidi, sadaka isiyokuwa na wa kuipokea.

Nimefika kwenye wazo lako la kufukia, na hapa naomba unisikilize kwa subira kwa sababu ndipo penye madhara makubwa kuliko marashi yote.

Watu wa kale wa pwani hii nao walifukia. James Kirkman, aliyechimbua mahame ya Gede, karibu na kwenu Malindi, kati ya 1948 na 1958, alikuta vyungu vilivyozikwa ardhini penye milango ya nyumba, na akavieleza kwa desturi ambayo Waswahili walikuwa wakiijua bado: hilo ni fingo, kinga iliyowekwa chini ya kizingiti ili mwenye nia mbaya akivuka apatwe na jambo. Fikiria maana yake. Mtu mmoja, ambaye hatujui jina lake, aliogopa juu ya nyumba yake na wanawe, akachimba, akazika chungu, akafukia. Hofu yake na tumaini lake vimetufikia sisi baada ya karne nyingi, kwa sababu tu udongo ulioizunguka kazi yake haukuvurugwa na mtu mwingine. Chungu kilisomeka kwa kuwa kilikuwa mahali pake, katika tabaka lake. Nyumba za Gede zenyewe zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: iko nyumba ya mkasi, iko ya taa ya chuma, iko ya bakuli la kauri, iko ya ushanga wa Venice. Kitu kidogo kimoja kilichosahauliwa na mwenyewe kimekuwa jina la nyumba nzima.

Ukishalijua hilo, utaona kufukia bangili leo ni kufanya nini. Wakati mmoja nilikuwa karibu na wachimbaji waliokuwa wakichekecha udongo kutoka chini kidogo ya sakafu ya zamani, na katika chekeche, pamoja na vigae vya vyungu na mifupa ya samaki, ikatoka sarafu ya shilingi moja ya Kenya. Mtu alikuwa amechimba kwa mkono, akaitia, akafunika. Kazi ya siku nne ilibidi iwekwe kando, kwa sababu hakuna aliyeweza tena kusema ni kipi katika udongo ule kilikuwa mahali pake na kipi kilishuka na sarafu. Lakini sarafu ina mwaka juu yake, na angalau tulijua kuwa ni ngeni. Bangili ya mama yako haina mwaka. Masonara wa pwani wamekuwa wakifua fedha kwa mitindo ile ile, kizazi baada ya kizazi, na atakayeipata bangili hiyo miaka mia ijayo ataandika kwa uhakika kwamba mwanamke aliyezikwa pale alivaa hivi na hivi. Mama yako ataingizwa katika maisha ya mtu mwingine, na yule Bibi ataandikiwa pambo ambalo hakuwa nalo.

Yupo pia Bibi mwenyewe. Huyo unayemwendea ni maiti aliyezikwa, ana ubavu na ana kichwa, na ardhi unayotaka kuichimba ndiyo inayomsitiri. Hatukubali mtu achimbe makaburi ya wazee wetu yaliyo nyuma ya msikiti wa mtaa hata kwa kina cha kiganja, basi na huyu ana haki hiyo hiyo, hata kama jina lake limepotea. Na sheria nayo ipo: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 hairuhusu mtu kuchimba wala kubadilisha kitu katika mahali palipotangazwa kuwa pa kale bila ya kibali. Sipendi kukutisha kwa sheria, dada yangu, kwa sababu sidhani unahitaji kutishwa, lakini ni vyema ujue kwamba mlinzi atakayekukuta na jembe dogo hatakuwa na njia ya kukusikiliza hata akitaka.

Na fedha yenyewe haitadumu. Udongo wa karibu na bahari una chumvi, na fedha ikilala katika chumvi huliwa polepole, ikageuka ganda la kijivu ambalo huvunjika ukilishika. Umeitamani ikae salama, nayo itaoza.

Ukiiacha juu haitamaliza siku. Hapo sitasema mengi, ila nitakukumbusha vigango, zile nguzo za mbao ambazo Wagiriama husimamisha kwa ajili ya wazee wao wa chama cha Gohu waliofariki. Vile vilikuwa na familia zinazovijua kwa majina, vilisimama mahali vilipopaswa visimame, na ilikuwa ni mwiko kuving'oa. Viliibwa hata hivyo, vikauzwa, vikaishia katika majumba ya makumbusho huko Marekani, na viwili vilivyorejeshwa Kenya mwaka 2007 vilirejea baada ya familia yake kuvilia kwa zaidi ya miaka ishirini. Ikiwa kigango chenye ukoo mzima nyuma yake kiliweza kutoroshwa, bangili ya fedha kwenye kaburi lisilo na mtu itafika kwa sonara kabla ya adhuhuri.

Basi ufanye nini? Rudi kwenye maneno ya mama yako, kama ulivyoniandikia. Alisema, "Hii uipeleke kwa Bibi." Hakusema uiache, wala hakusema uizike. Sitaki kujifanya najua alichokuwa nacho moyoni, kwa hiyo la kwanza ninalokushauri ni kuwauliza wale waliokuwa wakienda naye, hasa mama yako mdogo kama yu hai, au mashoga zake wa ujanani: siku ile ya nadhiri alisema nini hasa, na aliahidi kitu gani? Mara nyingi nimesikia wanawake wa umri wake wakieleza nadhiri zao, na walichoahidi ni kurudi: kurudi na mtoto, kumwonyesha mtoto, kurudi kila mwaka maadamu wa hai. Huenda bangili ikapelekwa kama yeye alivyokupeleka wewe, ukiwa mchanga mikononi, na akarudi nawe nyumbani. Ivae siku hiyo. Nenda nayo mpaka mbele ya kaburi, sema umetumwa na nani, omba dua yako kwa namna ambayo dini yako inakuridhia, na uondoke nayo mkononi. Hiyo ni safari iliyokamilika, na hakuna atakayekuzuia.

Ikiwa utakuta kwamba mama aliitoa kabisa, yaani aliahidi kuwa bangili isirudi nyumbani, basi na iwe sadaka kwa maana yake halisi. Iuze kwa bei ya haki, na thamani yake ipeleke mahali ambapo mkono wa mtu utaipokea kwa niaba ya mama yako: mchango wa kisima, mikeka ya chuo cha watoto, gharama za mwanamke wa mtaani anayetafuta mtoto na hana nauli ya kwenda hospitali. Hili la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa kuwa linafuata njia ile ile aliyoipita mama yako kabla hujazaliwa. Kitambaa nacho, badala ya kukifunga nguzoni, nunua jora la bafta nyeupe ulipeleke msikitini au kwa wanawake wanaosimamia maziko liwe akiba ya sanda kwa wasiojiweza. Halua igawe. Wagawie watoto wa kijiji kilicho jirani na mahame, na walinzi, na wageni mtakaokutana nao, lakini itolee nje ya uzio, kwa sababu ndani kuna kima, na kima akizoea kulishwa hujifunza kupokonya, kisha huja akaparamia kuta kutafuta alichoachiwa.

Marashi na ubani si lazima uviache kabisa. Chukua maji ya mawaridi yasiyochanganywa, tia kidogo katika mrashi, nyunyiza viganjani mwako na vya wenzako, au matone machache katika mchanga wa njia, hatua kadhaa kutoka ukutani, harufu itafika. Ubani uchome katika chetezo chenye kisahani, ukiwa umekishika au umekiweka juu ya ardhi tupu, baada ya kuomba ruhusa mlangoni, kwani wakati wa kiangazi majani makavu ya msituni hushika moto kwa cheche moja. Ukitaka kuweka kitu kaburini, weka shada la mrehani mbichi au kikuba cha asumini kilichofungwa kwa uzi wa pamba, na uliweke chini, mguuni mwa kaburi, siyo juu ya lipu. Majani hunyauka, hurudi kuwa udongo, wala hayamdanganyi mtu. Sisi hufanya hivyo hivyo juu ya makaburi ya wazazi wetu na hakuna aliyeona ni kidogo.

Kuhusu ruhusa, niongeze neno. Wengi huingia katika mahame yetu kwa kujificha, alfajiri au magharibi, wakidhani wakijieleza watafukuzwa. Ushauri wangu ni kinyume chake. Fika asubuhi, jitambulishe, sema kwamba mama yako alikuwa na ahadi na kaburi hili na kwamba umekuja kuzuru, ukaonyeshe ulichobeba. Gede iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, na sehemu ya thamani ya mahali kama pale ni hii hasa, kwamba watu wa karibu hawajaacha kupaona ni pao. Mtunzaji mwenye akili anajua kwamba kaburi lisilozuriwa na mtu hubaki na mawe tu. Atakuonyesha mahali pa kusimama. Naye akikukataza jambo moja, kwa mfano ubani, mwulize ni kwa nini. Nina hakika mtaelewana, kwa sababu nyote wawili mnamtakia Bibi jambo moja.

Mwisho, naomba na mimi unipe kitu, si mimi hasa ila wale watakaolitunza kaburi hilo baada yetu. Tunajua mengi kuhusu mawe haya. Tunajua kwamba kaburi moja la Gede liliandikwa mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, kwa sababu fundi aliichora tarehe katika lipu. Lakini wanawake waliokuwa wakiyaendea makaburi haya, walikuja miezi gani, walifuatana na nani, walisema maneno gani, hayo hayakuchorwa popote, na waliokuwa wakiyajua wanazikwa mmoja mmoja kama alivyozikwa mama yako. Kaa na mama yako mdogo, au mmoja wa mashoga wale, jioni moja, umrekodi au uandike daftarini, na nakala moja uipeleke kwa watunzaji wa mahame hayo. Mwambie aanzie nyumbani: waliondoka saa ngapi, walipita njia gani kabla ya barabara ya lami, nani alibeba chetezo, jina la Bibi walilitoa wapi, na walipofika, viatu walivivua kwenye ukuta wa nje au mbele ya kaburi.